Jiwe Jeusi la Kemondo

Mlio barazani mnapumua baada ya kazi, mlio barabarani mkisukuma baiskeli zenye mikungu, na wewe uliyefungua redio ukingoja taarifa ya habari ukanikuta mimi: karibuni, waitu. Leo nina jiwe la kusimulia.

Juzi nilishuka Kemondo kumpokea mpwa wangu aliyekuwa anakuja na meli kutoka Mwanza. Nilifika mapema mno. Mnaijua Kemondo meli ikiwa bado: wapagazi wamelala juu ya magunia, mikungu ya ndizi imepangwa ikisubiri safari, vijana wa bodaboda wanabishana habari za mpira. Nikaona bora ninyooshe miguu. Nikapanda mlima, nikaiacha lami inayokwenda Muleba, nikaingia kwenye vijia vya migombani, vile ambavyo mtu wa mjini akipita mara moja anapotea na mtoto wa darasa la pili anavipita gizani akiimba.

Nikatokea kwenye nyumba moja. Bibi wa makamo yake alikuwa ameinjika sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, nje, kwenye kibanda. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kama ilivyo desturi yetu kwa mtu hata usiyemjua. Nikakaa. Macho yangu yakaangukia kwenye mafiga. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida, mekundu. La tatu lilikuwa jeusi tii, lina vitundu vitundu kama uji uliokuwa unatokota ukagandishwa ghafla. Upande mmoja lina mifereji midogo iliyonyooka, sambamba, kana kwamba mtu aliyabana matete kwenye udongo mbichi kisha akayachomoa.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

"Hayo? Yamejaa shambani. Jembe linayagonga kila siku." Akachochea moto. "Lakini kwa jiko ni mazuri. Hayapasuki."

Hayapasuki kwa sababu yalizaliwa motoni. Kiswahili chake ni mavi ya chuma. Jina halipendezi hewani saa hizi za chakula, mtanisamehe, lakini ndilo lenyewe: ni takataka inayobaki pale mbale inapoyeyushwa ili chuma kitoke. Na ile mifereji ni alama za matete ya bondeni. Mafundi wa zamani walichimba shimo chini ya tanuri, wakalijaza matete ya kwenye kinamasi, wakayachoma yakawa makaa, kisha ndipo wakaanza kazi. Uchafu ulipoyeyuka ukatiririka chini, ukayakuta makaa ya matete, ukaganda ukiwa umechukua umbo lake. Matete yameoza siku nyingi, sura yake imebaki kwenye figa la bibi wa Kemondo.

Honi ikalia huko chini. Nikaaga, nikateremka.

Kemondo ni jina ambalo Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza katika msiba, Mei 1996, pale MV Bukoba ilipopakia abiria hapa ikielekea Mwanza na kuzama asubuhi ya tarehe 21 ikiwa imekaribia kufika. Hata leo meli ikitia nanga najikuta nahesabu watu wanaoshuka, bila mwenyewe kukusudia. Siku hiyo nilihesabu, nikamwona wangu, nikaacha.

Huyu mpwa ni baharia. Meli yao hupeleka mizigo Bahari ya Mediterania, na mji uliomteka roho ni Split, huko Kroatia. Hatujafika hata kwenye gari, simu imeshatoka mfukoni: "Mjomba, tazama." Nikatazama. Kuta za mawe meupe, nguzo nene kama mivule, na katikati ya nguzo hizo watu wamekaa wanakunywa kahawa. Ni kasri la Diocletian, kaizari wa Roma, aliyelijenga liwe mahali pake pa kustaafia. Mwaka 305 aling'atuka kwa hiari, jambo ambalo makaizari hawakuwa na mazoea nalo, akahamia humo. Husimuliwa kwamba walipomwomba arudi kwenye kiti, aliwajibu kwa kuzisifu kabichi alizokuwa akizilima kwa mikono yake. Wahaya mtu huyo tungemwelewa bila mkalimani. Ana kibanja chake, mnamsumbua nini?

Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba watu wa Split hawakuligeuza kasri kuwa makumbusho wakaliacha. Waliingia wakakaa. Humo ndani mna nyumba, maduka, nguo zimeanikwa madirishani. Na kaburi la kaizari likageuzwa kanisa kuu la Mtakatifu Domnius. Sasa sikiliza: Domnius alikuwa askofu aliyeuawa katika mateso ya Wakristo aliyoyaamuru Diocletian huyo huyo. Aliyeua alijijengea kaburi, aliyeuawa akarithi nyumba. Wakubwa wapya wanapokuja hawatafuti kilima kipya. Wanakalia kile kile cha zamani, kwa sababu watu wameshazoea kukiheshimu. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mpwa wangu akarudisha simu mfukoni, akatazama migomba pande zote mbili za barabara, akaguna. "Sisi huku hatuna mji wa kale, mjomba. Tuna ndizi tu."

Sikumgombeza. Anasema anachokiona. Ukishuka Bukoba mjini utaonyeshwa mambo ya jana tu: makaburi ya Wajerumani kando ya ziwa, Duka Kubwa la zama hizo hizo, nyumba za Wahindi zenye varanda. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani pale mwaka 1890, na Juni 1915 Waingereza wakavuka ziwa wakakishambulia, wakaangusha mlingoti wa simu ya upepo, wakapora. Kuna kanisa kuu alimozikwa upya Kardinali Laurean Rugambwa mwaka 2012, mtoto wa huku huku Kamachumu, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuvaa kofia ile nyekundu, mwaka 1960. Ni mahali pa kwenda, nami nawashauri mwende. Ila jumla yake yote haifiki miaka 140. Mtu aliyeona Split atakusikiliza kwa adabu, basi.

Tatizo ni kwamba tunatafuta mawe, na Mhaya hakujenga kwa mawe. Alijenga omushonge, nyumba ya msonge. Wadogo zangu mliozaliwa chini ya bati, niwaeleze kidogo. Msonge wetu hauna ukuta unaouona kwa nje. Nyasi zinaanzia kileleni zinashuka mpaka zinagusa ardhi, nene kiasi kwamba mvua ya masika, ambayo kwetu haina utani, inapiga na kuteleza. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama, na kuinama huko ni salamu tosha kwa mwenye nyumba. Ndani giza, lakini ni giza lenye mpangilio: nguzo zimesimama kila moja na mahali pake, vigawanyo vya matete vinatenga kwa kulala, kwa kupikia, kwa mbuzi. Moshi hauna dirisha la kutokea, unapenya polepole kwenye nyasi zenyewe, unazikausha na kuwafukuza wadudu. Nyumba inajitibu kwa jiko lake. Na kikale, makao ya mkama, yaani mfalme wetu, kilikuwa cha umbo hilo hilo, kikubwa zaidi tu.

Sisemi turudi humo. Moshi ule ulitoboa macho ya mama zetu, na cheche moja ilitosha kumaliza kila kitu. Ingawa lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi ile mchana, lilipoangusha nyumba za tofali kwa maelfu na kuziharibu Ihungo na Nyakato, shule tulizozionea fahari, nilijiuliza kama nyasi na miti ya babu visingeyumba tu na kutulia. Tuliache.

Ninachotaka kusema ni kwamba nyumba ya nyasi haidumu. Inadumu miaka kadhaa, inajengwa tena, palepale, kwa jina lile lile. Kwa hiyo kinachodumu ni mahali na jina, na mtu anayejua kwa nini mahali pale pana jina lile. Jengo la Split linasimama hata msimulizi akifa. La kwetu msimulizi ni mojawapo ya nguzo.

Mfano wake upo hatua chache kutoka hapa. Ukitoka Kemondo ukaelekea upande wa Maruku, kuna kijiji cha Katuruka. Hapo palikuwa kikale cha Rugomora Mahe, mkama wa karne ya 17. Na simulizi za wazee zinasema mkama huyu aliingiwa na hamu ya kuona mbinguni kukoje. Akawaita wafua chuma wote, akawaamuru wamjengee mnara wa chuma ufike juu. Mafundi wakafua, mnara ukapanda, ukapanda, mwishowe ukaanguka, ukaua watu. Mguu mmoja wa mnara ukazama ardhini mahali paliposimama mti mkubwa ulioitwa Kaiija, mahali pa ufuaji chuma.

Mimi nilisimuliwa hadithi hiyo utotoni nikaiweka kapu moja na za sungura na fisi. Sikuwa peke yangu.

Lakini kuelekea mwaka 1970 alifika Buhaya mwanaakiolojia kijana wa Kimarekani, Peter Schmidt. Huyu alifanya jambo ambalo wachimbaji wengi wa wakati wake hawakulifanya: kabla ya kushika sururu, alikaa na wazee. Alikaa sana. Walipomsimulia habari za mnara, hakucheka. Akaomba kuchimba pale pale kwenye mti wa Kaiija, mahali mguu wa chuma ulipozama. Na chini ya pale akakuta mabaki ya kazi ya chuma, mavi ya chuma, na mkaa. Mkaa ukapelekwa kupimwa. Umri wake ukarudi nyuma zaidi ya miaka 2,000.

Pigeni hesabu wenyewe. Rugomora Mahe ni wa karne ya 17. Mkaa uliokuwa chini ya mti wake ni wa kabla ya Diocletian kuzaliwa. Maana yake nini? Kwa mimi ninavyoelewa, mkama huyo alipoweka kikale chake Katuruka alikuta kilima kinachoheshimiwa tayari, kilima cha wahunzi, chenye kumbukumbu ya moto ambao hakuna aliyekuwa hai aliyeuona. Akakikalia. Na simulizi ikafanya kazi yake kwa ustadi: ikamfunga mfalme mpya na chuma cha zamani kwa kamba ya mnara. Ni kaburi la Diocletian na Mtakatifu Domnius, ila huku kamba ni ya maneno. Tena tazameni wazee walivyo wajanja. Hawakumsifu mkama moja kwa moja. Mnara umeanguka, watu wamekufa. Anayetaka kusikia utukufu wa mfalme atausikia, na anayetaka kusikia jeuri yake ataisikia pia, katika hadithi ile ile, mbele ya mfalme mwenyewe.

Sasa turudi Kemondo, kwenye figa. Miaka ya 1970 Schmidt na wenzake walichimba pia huku, karibu na ghuba yetu, wakafukua matanuri yaliyofanya kazi kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wakati wajenzi wa kaizari wanasimamisha zile nguzo za Split, Kemondo ilikuwa inafuka moshi. Mivukuto inapigwa, mirija ya udongo imepenyezwa ndani kabisa ya tanuri. Mafundi wanaimba, na kwa siku zote za kazi hawalali na wake zao, kwa sababu tanuri kwao lilikuwa tumbo la mama na chuma ni mtoto anayetungwa.

Tunajuaje nyimbo na miiko ya watu wasioandika? Mwaka 1976 walipatikana wazee wa Kihaya waliofanya kazi hiyo katika ujana wao, kabla majembe ya bei poa kutoka Ulaya hayajaua soko lao. Walikuwa hawajayeyusha chuma kwa nusu karne hivi. Wakaombwa wajenge tanuri. Wakajenga, wakajadiliana, wakabishana, wakayachoma matete, na chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mirija ile iliyozama ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, kwa hiyo joto likapanda mno, na kilichopatikana kilikuwa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Magazeti ya Marekani yakaishika habari hiyo. Baadaye ikatengenezwa filamu, The Tree of Iron, Mti wa Chuma.

Wengine wakapinga. Kuna wataalamu waliosema hesabu ya ile hewa ya moto haikai sawa, na mabishano hayo yameendelea miaka mingi. Nawaambia hilo kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu habari hii ikisimuliwa kwenye sherehe inageuka kuwa mashindano: tulikuwa na chuma cha pua kabla ya Mzungu! Sipendi kuisimulia hivyo. Mafundi wa Kemondo hawakuwa wanashindana na mtu asiyekuwepo. Walikuwa wanatafuta jembe na mkuki, nao wakaujua udongo wao, matete yao na moto wao kwa kiwango ambacho maprofesa hadi leo wanagombana kukieleza. Hiyo yanitosha.

Jirani hapo Kanazi kuna kikale cha namna nyingine, nyumba ya mawe ya zama za Wajerumani, ya Kahigi, mkama wa Kihanja aliyejua kupatana nao. Ukitoka Katuruka ukaiona siku hiyo hiyo utaelewa kitu. Mkama anayejengewa mawe na wageni haulizi tena mahali pana jina gani.

Nilisema msimulizi ni nguzo. Basi hapa mkoani nguzo zilikatwa kwa wingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa hapa Kagera, mwaka 1983. Kabla hatujajua jina la kitaalamu tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda na wafanyabiashara. Juliana alichukua vijana, na wazee wakabaki kulea wajukuu badala ya kukaa na watoto wao jioni wakiwarithisha haya ninayowasimulia. Schmidt aliporudi Katuruka baada ya miaka mingi, wengi wa waliomfundisha hawakuwepo, na mti wa Kaiija wenyewe haukuwepo. Sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyobaki aliikuta kwa akina mama wazee, watu ambao mara ya kwanza hawakuulizwa sana. Wanaume tulijua kuzungumza na wageni, wanawake walijua mambo. Mwaka 2008 wanakijiji ndio waliomwendea wakamwambia wanataka kuinua upya mahali pao. Wakaunda kamati, wakajenga tena, wakaanza kupokea wageni, na mwenye kuonyesha gashani, pale alipozikwa mkama, akawa mtu wa hapo hapo.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo yote, siyo barabarani, bali Jumapili yake, tukiwa tumekaa na bakuli la senene katikati. Alinyamaza muda mrefu kwa kijana mwenye simu mkononi. Kisha akasema, "Hilo jiwe, mjomba, tunaweza kuliona?"

Tukarudi Kemondo. Bibi alikuwa anapalilia. Akatuongoza mwenyewe mpaka jikoni, akaondoa sufuria ili kijana aone vizuri. Mpwa wangu akapiga magoti kwenye majivu, akapitisha kidole kwenye ile mifereji ya matete, polepole, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapiga picha. Akaomba auziwe, akataja bei ambayo mimi nilikohoa kuisikia.

Bibi akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, shambani yapo mengine. Nenda kachimbe, utapewa na jembe. Hili nimelizoea, sufuria yangu haiyumbi."

Akairudisha sufuria juu yake, akapuliza moto. Kijana akavua viatu, akapokea jembe.

Wasikilizaji, naona fundi mitambo ananionyesha saa. Taarifa ya habari inafuata.